Waya Uliopita Juu ya Minyaa

Mume wangu ndiye aliyekuwa akiingiza luku. Alikuwa dereva wa watalii, anawashusha kreta kutazama wanyama asubuhi na kuwarudisha jioni, na akija na karatasi ya umeme mfukoni alisimama mbele ya mita ukutani, miwani imeshuka puani, akabonyeza namba huku akizisoma kwa sauti kama mzee wa kanisa anayesoma matangazo. Mimi nilikuwa jikoni, nazisikia tu. Mita ikikubali aliniita, "Mama, tumepata mwanga," nami nikamjibu, "Tumeshukuru." Hayo yalikuwa mazungumzo yetu kila umeme ulipoongezwa, na wala sikuwahi kufikiri kwamba ni mazungumzo.

Kabla ya luku tulikuwa na mita ya kisahani kinachozunguka. Msomaji wa mita alipita, akikuta geti limefungwa anakadiria. Mwaka mmoja tulifunga nyumba tukaenda kulima kwao Kansay, tuliporudi Karatu tukakuta bili iliyotufanya tutazamane. Mume wangu alisema, "Inaonekana tulipoondoka panya walifungua hoteli." Alikwenda ofisini, akarudi, akaenda tena, mpaka wakarekebisha. Kwa hiyo luku ilipoletwa aliipenda kama mtu. Alisema sasa tunakula tulichonunua, na hakuna wa kutuuliza.

Alikufa wakati wa mvua za masika. Alirudi kutoka kreta anaumwa kichwa, akalazwa, na hakutoka tena. Sina zaidi ya hayo ya kusema kuhusu ugonjwa wake.

Siku habari zilipofika, nyumba ilijaa. Niliketi sebuleni juu ya godoro pamoja na wanawake, na jua lilipozama taa zikazimika. Luku ilikuwa imekwisha. Mwenye kuingiza luku ndiye huyo tuliyekuwa tunamlilia, na mimi sikujua hata karatasi inanunuliwa wapi. Nilisikia sauti za wanaume nje, mtu akaitisha ngazi, mwingine akasema, "Shika hapo, usikanyage waya." Baadaye kidogo taa zikawaka. Nilidhani kuna mtu amenunua umeme. Sikuuliza. Aliyefiwa hukaa, akaletewa uji, akanywa au akaacha.

Tulimzika Kansay. Mchungaji alituombea, na siku ya tatu baada ya maziko wengi wakatawanyika. Watoto wetu wawili walirudi shule ya bweni. Mimi nilirudi nyumbani Karatu na mama mkwe wangu, ambaye siku zote nimemwita Ayo, kwa maana kwa Kiiraqw ndivyo tunavyomwita mama.

Ayo alikuwa Mkristo kama mimi, lakini alikuwa amelelewa na watu wa zamani. Kwao nyumba iliyofiwa ilijitenga kwa muda, ili kifo kisitembee kwenda kwa wengine. Tunaita metimani. Wakati ule watu wengi mjini walikuwa wameshaiacha, na hata waliobaki nayo kila ukoo ulikuwa na namna yake. Ayo hakunilazimisha. Alisema tu, "Nimemzaa, nimemzika. Nisaidie nimlilie ninavyojua." Ningekataaje?

Masharti yake yalikuwa machache. Nisiingie nyumba ya mtu. Nisiombe kitu kwa jirani, na kubwa kuliko yote, nisiombe moto. Katika siku zake jiko likizimika ulitoka na kigae kwenda kuomba kaa la moto kwa jirani, na moto wa jirani ukiingia nyumba yenye msiba, nyumba hizo mbili zinakuwa zimeungana. Tungekaa hivyo mpaka mahindi yavunwe. Alikata tawi la mwiba akalilaza langoni kwa mkono wake, na watu wakaelewa.

Nilimuuliza, "Na maji, Ayo? Bomba liko kwa jirani."

Alifikiri. "Usiombe. Mtu akileta mwenyewe akaweka langoni, hilo ni lake na Mungu wake. Sisi tutachukua."

Aliyeleta alikuwa mpangaji wa jirani. Jirani yangu alikuwa mama wa Kichaga, mfanyabiashara, aliyehamia Karatu kutoka Kilimanjaro na duka la vifaa vya ujenzi, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na chumba alichompangisha kijana wa Kimasai kutoka Arash. Kijana huyo alikuwa mlinzi wa usiku kwenye hoteli ya watalii. Kila asubuhi akitoka lindo alijaza ndoo bombani, akaiweka karibu na lile tawi, akagonga geti kwa rungu mara moja na kuondoka. Hakuna aliyemtuma. Ayo alikuwa akisubiri mgongo wake upotee ndipo aende kuchukua, na akirudi na ndoo anasema peke yake, "Mmang'ati huyu ana adabu."

"Si Mmang'ati, Ayo. Ni Mmasai."

"Ndiyo nimesema. Ana adabu."

Sasa niseme habari ya mita. Baada ya maziko shemeji yangu alininunulia umeme, akauingiza yeye, akaniambia, "Shemeji, hii namba inayoonekana ndiyo umeme wako. Ikishuka karibu na sifuri, nitumie mtu." Akaondoka. Nikawa naitazama kila asubuhi, kwa sababu palikuwa mahali aliposimama mume wangu. Namba haikushuka. Niliwasha taa, nilipiga pasi, redio ilizungumza kuanzia asubuhi mpaka salamu za jioni, na namba ilikuwa palepale.

Mwanzoni nilidhani nyumba yenye mtu aliyefiwa inatumia kidogo. Halafu nikadhani mita imekufa. Wazo hilo lilinitesa. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mita ikikutwa haihesabu, wa kwanza kushukiwa ni mwenye nyumba, na niliwaona akilini watu wakisimama barabarani kusema marehemu alikuwa amechezea umeme, yeye ambaye alifunga safari mara kadhaa kupeleka bili moja ofisini. Shemeji alipopita kutusalimia, akasimama nje ya lango, nilimwomba apeleke habari ofisi ya umeme.

Alicheka. "Shemeji, wenzako wanalia umeme unakimbia, wewe unalia umekaa? Mshukuru Mungu unyamaze."

"Sitaki umeme nisioununua."

"Mvuno ukiisha utakwenda mwenyewe. Mimi sitaki kuulizwa maswali." Na kweli hakwenda.

Wakati huohuo, upande wa pili wa ua wetu wa minyaa, ugomvi ulikuwa umeanza. Ua ule haukuzuia sauti. Jirani yangu alikuwa mwanamke mwema mwenye sauti ya kuita lori, na luku yake ilikuwa inakwisha kabla ya wakati wake. Alikuwa na mita moja kwa nyumba yake na chumba cha mpangaji, na alimshuku mpangaji.

"Wewe! Una jiko la umeme humo ndani?"

"Sina, mama."

"Una hita ya maji?"

"Mimi naoga ya baridi, mama. Nimezaliwa nayo."

"Sasa umeme wangu unaliwa na nani, fisi?"

Kilichomponza ni simu. Zilikuwa zimeanza kuenea, na kwao Arash mnara ulipatikana ukipanda kilima, lakini umeme wa kuchajia haukuwepo. Kila gari lililotoka Loliondo, upande wa kwao, lilimletea mfuko wa simu za ndugu, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake ili isichanganywe na ya mwingine. Alizichaji, akazirudisha kwa gari. Jirani aliingia siku moja akakuta chumba kizima kinameta vitaa vidogo.

"Hii ni nini? Umefungua posta?"

"Ni za wazee wangu, mama."

"Wazee wako wanapigia nani simu huko porini? Ng'ombe?"

"Wanapigiana wao kwa wao, wakiulizana ng'ombe wako wapi."

Nilimsikia jirani akicheka bila kutaka, halafu akakumbuka kukasirika. Alimpiga marufuku simu. Mifuko ikakoma kuja, na luku ikaendelea kukwisha vilevile. Hapo akawa na hakika kwamba kuna jiko mpangaji amelificha.

Mimi nilisikia yote hayo nikiwa nafua au nachambua maharage, na sikuunganisha. Mita yangu haishuki, ya kwake inakimbia. Ni jambo ambalo mtu mwenye akili iliyotulia angeliona mara moja. Akili yangu haikuwa imetulia.

Nililiona kwa sababu ya redio. Ilikuwa mchana, matangazo ya vifo yanasomwa, ambayo tangu nifiwe nilikuwa nayasikiliza kana kwamba ni barua zangu. Redio ikanyamaza katikati ya jina. Palepale nikasikia jirani: "Imekwisha tena! Imekwisha tena, nawaambia!" Nilidhani umeme umekatika mtaa mzima, lakini mashine ya kusaga upande wa barabara ilikuwa inanguruma kama kawaida. Nilitoka nikaangalia mita yangu. Namba palepale. Nikaketi kizingitini nikimsikia jirani akienda dukani, na baada ya muda nikamsikia amerudi, anabonyeza na kunung'unika. Akasema, "Haya, umerudi." Na nyuma yangu, ndani ya nyumba yangu, redio ikaanza kusema.

Nilikaa palepale. Kisha nikainua macho. Juu ya minyaa, kutoka chini ya bati la jirani mpaka chini ya bati letu, palikuwa na waya mweusi. Ulikuwa umepita kwenye matawi, na matawi yalikuwa yametoa machipukizi mapya yakauzunguka, ndiyo maana hatukuuona. Nikakumbuka ile sauti: shika hapo, usikanyage waya.

Nilimwita Ayo nikamwonyesha. Mimi nilikuwa nafikiria umeme wa watu. Yeye alikuwa anafikiria moto.

"Huo ni moto wa jirani," alisema.

"Ndiyo, Ayo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Akakaa chini. "Basi tumewaletea kifo. Usimwambie mtu. Mahindi yako karibu. Tukishatoka, tutaukata kimya kimya na kuwaombea."

Nilikuwa tayari kumtii. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Lakini upande wa pili jirani alikuwa amemwamsha mpangaji aliyelala baada ya lindo, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kijana, nimechoka. Sitaki kukutukana tena. Beba godoro lako, leo jua likizama chumba kiwe wazi."

Nilisikia kitu kinaburutwa sakafuni. Msimu wa watalii ulikuwa umeanza na vyumba Karatu havikupatikana, na hoteli yake ilitaka walinzi wanaokaa karibu. Kukosa chumba kwake ilikuwa kukosa kazi na kurudi Arash. Na kile kilichokuwa kinaburutwa kilikuwa cha mtu aliyetuletea maji kila asubuhi bila kuombwa.

Nilimwambia Ayo, "Nisamehe." Nikaenda mpaka kwenye minyaa. Sikuvuka. Nilisimama upande wetu nikaita.

"Jirani! Mama! Usimfukuze. Umeme wako naula mimi."

"Nani huyo?"

"Mimi. Mfiwa wa huku."

"Wewe?" Nikaona kilemba chake kinainuka juu ya ua, amepanda juu ya tofali. "Dada yangu, majonzi yamekuzidi. Nenda kapumzike."

"Tazama juu yako, mama. Tazama huo waya."

Alitazama. Aliufuata kwa kidole kutoka bati lake hadi bati langu, polepole, kama mtu anayehesabu mabati kwenye duka lake. "Yesu wangu," alisema. "Na mimi nimemtafutia kijana wa watu jiko mpaka chini ya kitanda."

Fundi aliitwa. Alikuwa fundi umeme wa mtaa, tulisali naye kanisa moja. Alipofika aliliona tawi la mwiba langoni, akasimama nje, akavua kofia.

"Ni mimi niliyeuvuta," alisema. "Siku ya msiba luku yenu ilikwisha, duka la umeme limefungwa, na maiti inasubiriwa. Nikafungua waya zenu kwenye mita, nikaziunga na za mama. Nilisema matanga yakiisha nitarudi kurekebisha. Nikarudi siku ya nne, nikakuta hili tawi. Nikajua bado. Nimepita kila Jumapili baada ya ibada kulitazama. Ningewezaje kuruka mwiba wa watu waliofiwa niingie na bisibisi?"

"Na mimi kwa nini hukuniambia?" jirani alimfokea.

"Mama, ulikuwa umetangulia Kansay kupika msibani. Nilimwomba aliyekuwepo nyumbani." Akaonyesha kwa kofia.

Aliyekuwepo alikuwa amesimama na godoro lake begani.

Jirani alimgeukia. Niliogopa atapiga kelele, lakini aliuliza taratibu, "Ulijua?"

"Nilijua waya umewekwa, mama."

"Umetukanwa miezi yote hii na ulijua?"

Kijana alihamisha godoro bega la pili. "Ningesema, ungeukata. Mama huyu angekaa gizani na yeyo," alisema, na aliposema yeyo, kama wanavyomwita mama kwao, alimwelekezea Ayo rungu. Kisha akaongeza, kwa uso wa mtu anayetaka kusema kweli yote, "Na simu nazo zilikuwa nyingi, mama. Nilijua kiasi fulani ni mimi."

Jirani aliketi juu ya lile tofali akacheka mpaka akashika mbavu. Fundi akacheka. Nikageuka kumtazama Ayo, nikihofia anavyotuona.

Alikuwa amekuja mpaka langoni. Alimwita jirani, mara ya kwanza kusema na mtu wa nje tangu tumzike mwanawe. "Mama, nyumbani kwako kuna mgonjwa?"

"Hakuna, bibi."

"Watoto?"

"Wazima. Mmoja amefeli hesabu, lakini huyo alikuwa hivyo tangu zamani."

"Na wewe, kijana? Ng'ombe wa baba yako?"

"Wapo, yeyo. Wamezaa."

Ayo alinigeukia. Alisema kwa Kiiraqw, polepole, kama mtu anayejihesabia mwenyewe. "Moto wao umekaa kwetu tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyekufa. Hukuuomba. Waliuleta wenyewe kama yale maji." Kisha akainama, akalishika tawi la mwiba upande usio na miiba mingi, akalivuta pembeni. "Fundi, ingia."

Mahindi yalikuwa bado shambani. Sikumuuliza.

Fundi aliukata waya, akarudisha zetu kwenye mita. Jirani alisema waya ni wa dukani kwake, akaukunja mkononi na kwenda nao. Nilimwambia nitalipa umeme wote nilioutumia, nikataka tukae tuhesabu. Alinitazama kama nimemtusi. "Mimi ni Mchaga, dada. Nikikudai utajua. Sijakudai." Mpangaji alirudisha godoro ndani na kulala, kwa sababu usiku alikuwa na lindo. Baada ya siku chache mifuko ya simu ilianza kuja tena, na jirani alikuwa akimpokelea yeye mwenyewe kama hayupo, akilalamika kwamba ule uzi wa rangi ya kijani ni wa mzee asiyemaliza maneno.

Umeme aliouingiza shemeji ulinichukua muda kuumaliza. Ulipokaribia sifuri nilikwenda kununua mwenyewe, mara yangu ya kwanza. Nilisimama mbele ya mita, mahali pake, nikagundua siwezi kubonyeza nikiwa kimya. Basi nikasoma kwa sauti, moja moja. Mita ikakubali. Nilinyamaza, kwa maana maneno yanayofuata hayakuwa yangu, na sikujua nani wa kuyasema.

Jikoni Ayo alikuwa anachambua maharage. Hakuwa anajua habari ya mazungumzo yetu yale, mimi na mwanawe. Sikuwahi kumsimulia mtu. Aliona tu taa haikuzimika.

"Tumepata?" aliuliza.

"Tumepata, Ayo."

"Haya. Tumeshukuru," alisema, na akaendelea na maharage yake.